Violeth Alivyofika Nassa na Toyo Tupu

Jua limeshapanda Lamadi. Violeth Magese anakaza kamba kwenye magunia ya dagaa juu ya toyo yake ya magurudumu matatu, anaigonga tairi kwa kisigino, anawasha. Waliomcheka hapo mwanzo, eti mwanamke na toyo wapi na wapi, leo ndio wanaompigia simu.

"Kucheka wamechoka wenyewe," anasema.

Msimu wa pamba huhamia Meatu kusomba pamba ya wakulima. Mwaka jana akiba ya misimu mitatu aliinunulia mtamba mwekundu wa kumpelekea mama yake, Rhoda, kijijini Nassa. Ukame ulikuwa umemmalizia mama huyo ng'ombe wote, na jambo hilo lilimuuma hata akaanza kukwepa wenzake kanisani.

Violeth akampakia mtamba, akashika njia kutoka Meatu peke yake. Nyasi zilikuwa zimekauka kau, mapori yanaungua kila upande. Alipoipita Lalago, upepo ukausukuma moto kutoka kushoto. Kugeuza kwenye njia ile nyembamba, na mtamba anarukaruka, haikuwezekana.

Akafanya kama wachungaji wa kwao. Aliwasha kiberiti upande wa kulia, nyasi zikaungua kufuata upepo, naye akaingiza toyo kwenye majivu. Moto mkubwa ulipofika ukakosa cha kula. Wakapona.

Moshi ulipopungua ndipo alipoona mahali aliposimama. Ilikuwa ngitili, malisho ambayo mwenyewe huyatunza mwaka mzima yamfae kiangazi.

"Moto wa porini uliishia barabarani," anasema Violeth. "Ulioteketeza ngitili ulikuwa wangu."

Hakuna aliyemwona. Angeweza kukanyaga mafuta akapotea zake. Badala yake akaenda nyumba ya karibu, akamkuta mwenye ngitili, mjane aitwaye Kashindye, akipepeta mtama.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma. "Nimechoma malisho yako. Ni mimi."

"Sasa ng'ombe wangu watakula nini?" mama yule akauliza, wala hakupaza sauti.

Wanakijiji wakaitwa. Sheria yao inajulikana: anayechoma ngitili hulipa ng'ombe. Mtamba akashushwa.

Violeth alilia mpaka Bariadi. Moto haukumtisha tena. Alichoogopa ni uso wa mama yake.

"Nilimweleza yote, nikangoja anigombeze," anasema. "Akanishika mikono, akawa anaigeuzageuza, anatafuta nilipoungua. Akasema, 'Umefika mzima, mwanangu.' Akaenda kunisongea ugali."

Sasa anaweka akiba upya. Akimpata mtamba mwingine, ataondoka Meatu mapema, majani yakiwa bado mabichi, pamba ya mwisho wasombe wengine.

"Mama hajaniuliza hata siku moja nitamleta mtamba lini," anasema. "Lakini wiki iliyopita nilimkuta anaziba zizi kwa miiba mipya."