Ukuta wa Mama Dobi

Tulimwita Mama Dobi kwa sababu alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake mpaka zilipoletwa mashine, akaambiwa akapumzike. Kupumzika kwenyewe hakukujua. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyekamua mashuka mazito maisha yake yote. Akikupa mkono wa salamu, vidole vyako vinabaki vikijiuliza vimekosa nini. Miguu ndiyo iliyomsaliti. Alianguka mara mbili akiamka kitandani, na mwanawe wa pekee akamwambia kwa upole, lakini bila kupepesa macho: "Mama, ukianguka tena nakuja kukuchukua. Nyumba tunaifunga."

Na nyumba ile ndiyo ilikuwa roho yake. Alisema kwa mwana utakula vizuri, ila hata dirisha utafungua kwa ruhusa. Nilimwelewa, ingawa mimi mwenyewe ni mtu wa kutembea, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna nyumba iliyowahi kunishika hivyo.

Basi mtaa ukapata ruzuku ya kuwasaidia wazee. Kamati ikakaa. Huyu akataka mabenchi, yule akataka taa za uchochoroni, mpaka bibi mmoja mkorofi akasimama: "Mabenchi nitayafikiaje kama bado nimekwama chooni? Nipeni kitu cha kushika niinuke!" Tukacheka, kisha tukaona kasema kweli. Yakapita hayo: vyuma vya kushikilia, chooni na ukutani kando ya kitanda, kwa kila mzee anayeishi peke yake. Mimi, kwa kuwa miguu yangu haitulii, nikapewa kazi ya kumpeleka fundi nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya Mama Dobi ilikuwa na pande mbili. Upande wa pili aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Zamani katikati palikuwa na mlango, sahani na watoto wakipita bila hodi. Mume akaugua, akafa, na msiba haujaondoka, wifi akatamka mbele za watu: "Umefua mashuka ya dunia nzima, ya ndugu yangu yakakushinda." Neno hilo halikumezeka. Mlango ukazibwa kwa udongo na vifusi, ukapigwa lipu, ukapakwa rangi, na wawili wale hawakusemezana tena. Hayo ya mlango niliyajua baadaye. Siku ile mimi na fundi tuliona ukuta tu.

Wifi naye alikuwa ameulizwa na kamati kama anataka chuma. Alijibu, "Kama yule anacho, mimi sikitaki."

Fundi aligonga ukuta kwa kidole. "Mama, ukuta huu mzima?"

"Mzima kuliko mimi na wewe."

Angesema nini? Sisi tulikuwa watu wa nje, na ya nyumbani hayaanikwi kwenye kamba. Fundi akawasha mashine ya kutobolea, ikazama kama kisu kwenye papai bivu. Akaguna, akatikisa kichwa, akakaza bolti zake.

Mashine iliponyamaza tukasikia upande wa pili: ko, ko, ko.

"Mnamsikia?" Mama Dobi akasema. "Kelele zinamkera. Tangu jana jioni anagonga, eti redio yangu."

"Siku nyingine muongezee sauti," fundi akasema.

Tukacheka, watu watatu wazima. Ko, ko. Tukacheka tena.

"Haya mama, vuta. Usikionee huruma."

Mama Dobi, ameketi ukingoni mwa kitanda, akashika chuma kwa mikono miwili na kuvuta kama anakamua shuka. Lipu ikapasuka, mstari ukakimbia hadi juu. Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukaja na chuma chake. Udongo ukamwagika hadi miguuni mwetu, na yeye akaenda chali kitandani, chuma kifuani. Nikajua tumemuua.

Vumbi likatulia. Alikuwa hai, amekodoa macho, lakini hakututazama sisi. Pale palipokuwa na ukuta palikuwa na tundu la mtu kupita akiinama, na ng'ambo ya tundu, sakafuni, wifi alikuwa amelala ubavu. Mguu umepinda mahali mguu haupindi. Midomo imekauka. Mkononi ana kandambili, ndiyo aliyokuwa akigongea.

Kicheko kilikuwa bado hakijanitoka vizuri kinywani.

"Wifi," akamwambia Mama Dobi kutoka sakafuni, sauti nyembamba. "Nimegonga usiku kucha."

Sijui Mama Dobi aliinukaje. Hakushika chuma, hakushika mtu. Alivuka vifusi kwa magoti, akampakata kichwa. "Maji!" akatupigia kelele. "Mmesimama kama nguzo!" Fundi alikuwa ameshika spana, mdomo wazi. Ndipo nami nikakumbuka kuwa nina miguu.

Hospitali walisema angekaa vile mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine.

Mwana alifika wifi akiwa amesharudishwa nyumbani. Akasimama mbele ya tundu, mikono kichwani. "Mama, nilisema mimi! Sasa nyumba yenyewe inaanguka. Funga virago."

Mama Dobi aliinamisha macho. Nilimwona hana pa kushika.

Sauti ikatoka ng'ambo, kitandani, wifi na mguu wake uliofungwa plasta ngumu: "Unampeleka wapi?"

"Kwangu, shangazi."

"Na mimi je?"

Mwana akajikuna shingo. "Shangazi, wewe na mama si hamsemezani?"

"Nani kakwambia? Tangu juzi ananitukana kutwa nzima. Eti nakunywa maji kama ngamia. Usiku ananigeuza kama gunia. Mwache hapa!"

Mama Dobi akainua uso. "Sikuanguka, mwanangu. Ulisema nikianguka. Ulioanguka ni ukuta."

Mwana akamtazama mama, akamtazama shangazi kupitia tundu, akaketi palepale juu ya kifusi na suruali yake nzuri.

"Kaeni," akasema mwishowe. "Kaeni wote wawili." Alisema kama mtu aliyepigwa kofi, asijue limetoka upande gani.