Kata ya Mgawa Togwa

Majirani wa kilima kile cha Njombe walipolimiana mashamba, mgawa togwa alikuwa mama yule yule, mzito wa mwendo. Anania, aliyerudi kutoka kambi ya wakoma na barua ya daktari kwamba amepona, alikaa mbali na wenzake, ameshika kigae cha chungu alichopewa kunywea, akiitazama mikono ya mama. Baridi ilikuwa imeipasua, lakini haikumwaga tone. Mama alionja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, watu wajue hamna sumu. Kisha kata ya kibuyu ikazunguka, na kila mmoja akishakunywa aliufuta ukingo kwa kidole gumba. "Pokea, baba. Pokea, mwanangu."

Siku moja ya ukungu hakuonja. Aliwapita wote, akampa Anania kata iliyojaa. "Pokea, baba." Anania akanywa. Mama akaipokea, hakuufuta ukingo, akanywa palepale alipoacha yeye.

"Mama! Kata hiyo ni ya watu!" akafoka Esteria, mwenye shamba.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi leo sina kiu," mmoja akasema, akashika jembe, na wengine wakamfuata. Togwa ikachacha chunguni.

Msimu uliofuata kata ilishikwa na mwingine. Mama alikuja na jembe lake begani, akaketi kando ya Anania, akakikinga kile kigae. "Tutilie humu, sisi wawili." Mgawaji mpya akamimina kwa mbali, nusu ikamwagika chini. Mama akampa Anania kilichobaki.

"Pokea, baba."