Mshahara wa Waziri

Tulikwenda mahakamani kwa gari moja, mdai na mdaiwa. Mdaiwa, mume wangu, ndiye aliyeshika usukani. Mdai, dada yake wa tumbo moja, alikaa kati yetu na pochi mapajani. Nyuma ya pikapu walikaa watoto wake watatu. Kama kuna familia iliyowahi kushitakiana kwa adabu namna ile, mimi sijaiona.

Mume wangu ni mkandarasi wa mapaa. Wakili ndiye aliyetuambia njia ni hiyo: wifi amdai kaka yake fidia ya kifo cha mumewe, na bima ya mkandarasi ilipe. Bila bima, fidia ingetoka kwenye nyumba tuliyokuwa tukiishi, maana kingine hatukuwa nacho.

Huyo marehemu tulimwita Waziri. Jina alipewa na mume wangu, kwa kuwa kila siku alivaa shati lililonyooshwa na wizara hakuwa nayo. Kazi zilimkimbia, au yeye alizikimbia, sijui. Miaka yote wifi ndiye aliyelisha nyumba kwa cherehani. Kisha siku moja wifi akaja jikoni kwetu, akafunga mlango, akamwambia kaka yake: "Mchukue kwenye mapaa yako. Mshahara nitakupa mimi, wewe mpe kama wako. Watoto wameanza kumdharau, kaka."

Basi kila Jumamosi hela ya cherehani ilipita mikononi mwa mume wangu ikarudi ilikotoka, na Waziri akaiweka mezani mbele ya wanawe kama baba mwingine yeyote. Kazi yake ilikuwa kuwapokeza mafundi misumari kutoka chini. Asubuhi moja akapanda mwenyewe bila kutumwa. Hakujua kwamba bati hukanyagwa penye mstari wa misumari, ambako chini yake kuna mbao. Alikanyaga katikati.

Kampuni ya bima ikakataa kulipa. Hati ilisema inamlipa mtu baki aliyeumizwa na kazi ya mkandarasi, ila haimlipi mwajiriwa wake. Waajiriwa wana bima yao, ambayo mume wangu, kama mafundi wengi, hakuikata. Hapo wakili akatueleza jambo lililonirudishia usingizi. Kifungu kama hicho cha "ila" mahakama hukisoma kwa kukibana. Aliyekiandika ni kampuni, kwa hiyo kampuni ndiyo ithibitishe kwamba kinamhusu marehemu, na penye shaka anapendelewa aliyenunua bima. Tulipomwambia habari za mshahara, karibu atukumbatie.

"Mtu anayelipwa na mkewe si mwajiriwa wa kaka yako," alimwambia wifi. "Mama, ukilisema hilo tu, tumemaliza."

Wifi alisema amesikia. Mimi, mjinga wa watu, nikadhani amekubali.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na feni yake mbovu. Ndugu wa Waziri, wale wale waliokuwa wakimcheka, walijaa benchi la nyuma. Watoto walikaa mbele. Wakili wa kampuni akamwuliza wifi kwa upole: "Mumeo alikuwa akifanya nini pale?"

"Kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya kaka yangu. Alimwajiri."

"Na nani alikuwa akimlipa?"

Wifi akawatazama wanawe. "Kaka yangu. Kila Jumamosi."

Wakili wetu akaweka kalamu chini. Bado alikuwepo mume wangu, angeweza kusema kweli, na nilimwomba Mungu aiseme. Zamu yake ilipofika alimtazama dada yake hadi jaji akalazimika kumkumbusha swali.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. "Alikuwa mtu wangu. Nilimlipa mimi."

Jaji alisoma hukumu taratibu. Alikubali kwamba kifungu cha namna ile husomwa kwa kubanwa, na kwamba mtu asiye na mkataba angeweza kubishaniwa kama ni mwajiriwa au la. "Lakini mahakama haibuni shaka isiyokuwepo," alisema. "Dada na kaka wote wametamka kwamba aliajiriwa na alilipwa." Kampuni ikatoka salama, fidia ikamwangukia mume wangu. Wifi alitaka kusamehe, lakini shemeji yake, kaka wa Waziri, alikuwa msimamizi mwenzake wa mirathi ya watoto, naye hakutaka kusikia. Nyumba yetu ikauzwa.

Siku ile ya ushahidi, mlango wa pikapu ulipofungwa tu, nilimwaga yote. "Wifi, umetumaliza."

"Ningesema nini?"

"Ungesema kweli."

"Mbele yao?" akasema, akageukia kioo cha nyuma, walikokaa watoto. Mume wangu akawasha gari.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Marehemu hana haja ya paa. Sisi tulilihitaji, na watoto wale wale walilihitaji, na ndugu wawili wamelitupa ili maiti aonekane fundi.

Siku tuliyohama, binti mkubwa wa wifi alikuja kunisaidia kushusha mapazia. Tulipofika dirisha la mwisho akauliza, "Anti, baba alikuwa fundi mzuri?"

Nilimwona Waziri juu ya lile paa, amesimama pale ambapo fundi yeyote asingesimama.

"Mzuri sana," nikasema. "Shika upande huo tukunje."