Nilimwambia Tata Tungoje Ile Mpya

Aliyetuandikia ametuomba tusitaje jina lake wala la shule yake. Haya ni maneno yake.

Hili ninalowaandikia sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa darasani ambaye tunakaa dawati moja. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, kwetu ni upande wa Ikutha. Watu husema mimi ni mpole na nina adabu. Wangejua wasingesema.

Baba yangu, nyumbani tunamwita Tata, alikuwa mwalimu mpaka akastaafu. Ndiye alinifundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza kabla sijaingia shule, nikiwa nimekaa juu ya debe jikoni. Kanisani kwetu ndiye alikuwa msomaji wa Biblia tangu sijazaliwa. Halafu macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema hayatarudi, na hicho kidogo kilichobaki akitumie kikiwepo. Nilikuwa nimekaa pale, nilisikia kwa masikio yangu.

Tata hakuliambia kanisa. Alikuwa ananiita jioni nimsomee somo mpaka likae kichwani, kisha Jumapili anafungua kitabu na kulisema huku akipitisha kidole kwenye mistari. Siku moja kitabu kilikuwa kimepinduka. Niliona mimi tu, kwa sababu nakaa benchi ya mbele.

Kaka yangu anasoma Marekani. Aliposikia, aliahidi kumnunulia Tata laptopu, ile kompyuta ndogo ya kukunja, na kumwekea ndani masomo yote kwa herufi kubwa kama kiberiti. Kaka hupiga simu posta ya sokoni mara moja kwa mwezi. Tata miguu inamsumbua, kwa hivyo mimi ndiye huenda kuipokea.

"Sikiza vizuri," kaka aliniambia siku moja. "Kuna ya mwaka jana, nzito kama tofali, haina rangi, lakini herufi inakuza sawasawa. Rafiki yangu anakuja Nairobi wiki ijayo, anaweza kuibeba. Ama mngoje ile mpya, wanasema itatoka karibu na Pasaka. Hiyo ni ghali na ni kali, ina rangi, inacheza diski. Tata akishamaliza nayo itakuwa yako ya chuo. Muulize Tata, yeye ndiye ataamua."

Nilirudi nyumbani nikiiona hiyo ya rangi. Niliiona juu ya meza yangu ya chuo, na wasichana wa Nairobi wakinisogelea, mimi ambaye hakuna mtu hunisogelea. Tata alikuwa ameketi nje akinisubiri.

"Kaka yako amesemaje?"

"Amesema tungoje, kuna mpya inatoka."

Hakuuliza mara mbili. "Sawa basi," akasema. "Tungoje."

Pasaka ikapita. Kaka akapiga akasema kiwanda kimechelewa, kuna kifaa cha ndani kinawasumbua. "Bado naweza kutuma ile nzito," akasema. "Ama nitafute taipureta ya herufi kubwa nimchapie masomo kwanza? Tata anasemaje?"

Nikamjibu, "Tata amesema atangoja."

Ilipocheleweshwa tena nikajibu hivyo hivyo. Na wakati huo, niwaambie ukweli, hata hiyo rangi sikuwa naitaka tena. Nilikuwa naogopa tu kwamba nikibadilisha maneno, watajua yale ya kwanza yalikuwa uongo.

Mama alianza mzaha. Tata akiuliza habari, Mama anasema, "Inakuja na miguu, sasa imefika Sudan. Iwekeeni uji." Tulikuwa tunacheka sote. Kisha Tata akaacha kucheka.

Jumapili moja alisimama kusoma, akasahau katikati. Akangoja neno lije. Kanisa lote likangoja. Akafunga kitabu akasema, "Mtanisamehe, sioni," akarudi mahali pake akishika migongo ya benchi moja baada ya nyingine. Siku hizi anasoma mtu mwingine. Tata akituombea watoto wake, hataji jina la kaka.

Sasa kompyuta imetoka na kaka anaileta mwenyewe, anafika Jumamosi. Kwa simu alikuwa na furaha sana. "Mwambie Tata hakungoja bure," alisema. Nilipoleta habari hizo, Tata alisema, "Akija na hilo sanduku lake aliweke bomani, ng'ombe wasome." Mama hakucheka. Jogoo wa kumpokea kaka ameshafungwa kamba nyuma ya jikoni.

Kaka hajui ni hukumu inamngoja. Atajitetea, atasema, "Si wewe ulisema utangoja?" Na Tata hajawahi kuulizwa; anajua ni kaka aliyesema tungoje. Kila mmoja anaweza kumwona mwenzake mwongo, na wakaachana hivyo hivyo, mmoja akarudi ng'ambo na mwingine akabaki gizani. Nikinyamaza inawezekana kabisa, na kunyamaza ndiko ninakojua.

Nishaurini ndugu zangu. Nimwambie Tata kabla ya Jumamosi, ama nimpokee kaka njiani nianze na yeye? Wewe uliyewahi kumwambia mzazi jambo kama hili, ulianza na neno gani?

Nasikia fimbo ya Tata uani. Nilikuwa nimesukuma karatasi hii chini ya kitabu cha hesabu, nimeitoa tena. Namficha nani? Hata nikimshikia usoni hawezi kuisoma.

Ameingia. Amesikia kalamu.

"Mwiitu wakwa," ameniambia, binti yangu, "unaandika nini muda wote huo?"

Amepapasa ukingo wa kitanda, ameketi, ameweka fimbo kati ya magoti.

"Nisomee," amesema.