Flashi ya Besma

Besma Kammoun hakuwa mtu wa kutupa kitu. Penye funguo zake zilining'inia flashi tatu, kila moja na nakala ya kazi zake zote. Jamaa zake pale Sfax walimcheka, lakini hawakuwapo siku kompyuta ya kinu cha zeituni alikofanya kazi ilipoungua na kwenda na kazi yake ya miaka minne. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na mwanamke huyu ndiye aliyejitwika kuwaandalia watunga programu wa mji siku ya mazoezi ambayo sheria yake kubwa ni kufuta! Watu hukaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, huandika jibu la fumbo moja kwa dakika arobaini na tano, kisha hufuta kila kitu, hubadilisha mwenzi na kuanza upya fumbo lile lile, ili wajifunze njia mpya. Besma alikuwa ameandika programu peke yake miaka kumi na miwili, na upweke ulimchosha kuliko kazi.

Mwaka uliotangulia walikuja kumi na mmoja. Walipoambiwa wafute waliguna, wakafunga kompyuta zao, na adhuhuri akabaki yeye na sufuria ya mama yake ya kuskusi kwa samaki. Yeye na mama yake waliila nyumbani siku tatu. Aliapa kwamba mambo yakienda vile tena, hataandaa nyingine.

Safari hii walikuja kumi na tisa. Asubuhi walifuta mara mbili, mmoja wao, Hatem, akinung'unika kwa niaba ya wote, lakini hakuna aliyeondoka. Kwa kuwa mtu mmoja alikosa mwenzi, raundi ya tatu Besma aliketi na mzee waliyemwita Si Naceur, yaani Bwana Naceur, mstaafu wa bandarini aliyechapa kwa vidole viwili na kuuliza "kwa nini?" kila mstari. Kwa maswali yale wakapata jibu fupi, safi, ambalo Besma hakuwahi kuandika mfano wake. Muda ulipoisha alitangaza watu wafute. Kisha, haya ndiyo mambo, mkono wake ukachomeka flashi, ukanakili, ndipo akafuta. Si Naceur aliona, akainuka kwenda kula.

Baada ya kuskusi alikaa na Ons, binti mgeni kutoka Mahdia. Wakati wa chakula Besma alikuwa ameichungulia nakala yake. Kila Ons alipopendekeza jambo, Besma alimwambia kuna njia bora, akaandika mwenyewe. Zilipobaki dakika ishirini, Ons aliondoa mikono mezani.

"Andika tu, dada. Naona jibu unalo tayari."

Besma aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Amemwita binti wa watu kutoka mbali, akamwacha peke yake kwenye meza ya watu wawili. Angeweza kunyamaza. Angesema, Hatem na wenzake wangebeba mabegi yao, na wangekuwa na haki. Alisimama.

"Jamani, asubuhi niliwaambia mfute, mimi nikaficha nakala. Nisameheni. Anayetaka kuondoka, simlaumu."

Hatem akainuka, na Besma akaona mwaka jana unarudi. Lakini Hatem alikwenda kumimina chai.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani mchoyo wa kufuta ni mimi peke yangu."

Watu wakacheka. Besma akachomeka flashi na kusogeza kompyuta mbele ya Ons. "Futa wewe."

Ons akafuta nakala, kisha na yote Besma aliyokuwa ameandika. "Na hizi nyingine mbili?"

"Hizo ziache. Mama yangu hakuzaa malaika."

"Na mimi nilijiuliza," Si Naceur alisema kutoka meza ya pili, "kuskusi ile ilimshukaje na siri ile kooni."

Skrini ilikuwa tupu, na dakika kumi na saba zilibaki. Mkono wa Besma ulikwenda kwenye kibodi kwa mazoea. Akaurudisha, akauficha chini ya paja.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Wewe ungeanzia wapi?"