Fundi anayewashikisha waume futi

Saa mbili asubuhi, Utemini, mjini Singida. Upepo umeshaanza kazi yake ya kuzoa vumbi la barabarani na kulipeleka ndani ya nyumba za watu. Marietha Mughwai amepiga goti mbele ya kabati la vyombo, sebuleni kwa mteja. Pini tatu ziko mdomoni, na mkononi ameshika ncha ya futi, ule utepe wa kupimia wa mafundi cherehani.

Ncha ya pili hataki kuishika yeye. Anamwita mwenye nyumba, mwanamume wa makamo anayejiandaa kwenda kazini, na kumwomba aiweke juu ya kabati. Mwanamume anasema ana haraka, mkewe si yupo hapo? Marietha anatoa pini mdomoni.

"Baba, bila wewe sipimi," anasema kwa upole. "Nitakusubiri hata mpaka jioni."

Mwanamume anacheka na kuishika. Sentimita 182 kwenda juu. Marietha anaandika kwenye daftari, kisha anauliza, mkewe na majirani walioitwa sebuleni wakisikia, kabati hili alilinunua nani na kwa kitu gani. Mume anajibu bila kusita kwamba ni la mama watoto, alilipata kwa vitunguu vyake vya msimu wa mwaka juzi. Jibu hilo ndilo alilokuwa analisubiri, na analiandika chini ya vipimo.

Marietha, 53, anashona makava ya makabati. Ni kava la kitambaa kizito, lenye pazia mbele linalokunjwa juu mtu akitaka kufungua mlango. Bila kava, kwa upepo huu, kikombe ulichokiosha asubuhi unakiosha tena mchana. Kwa kabati la kawaida anatoza Sh30,000. Mwezi mzuri anashona makava 11, na akishatoa kitambaa, uzi na kodi ya chumba anabaki na kama Sh120,000.

Lakini kinachowaleta wanawake kwake hakionekani kwa nje. Ndani ya pindo la kila kava anadarizi kwa uzi mwekundu jina la mwenye kabati na kile alichouza kulipata. "Elina, vitunguu." "Kristina, alizeti gunia sita." Mtu anaweza kudhani ni mapambo. Si mapambo hata kidogo.

Miaka kumi na miwili iliyopita Marietha alikuwa akiishi Kiomboi na mumewe, Naftali, aliyekuwa fundi ujenzi. Naftali akafariki. Siku ya nne baada ya mazishi, matanga hayajaanuliwa, shemeji yake Stefano alifika na mkokoteni na vijana wawili. Hakusubiri mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Alichukua kitanda, redio, na kabati la vyombo ambalo Marietha alilinunua kwa kushona sare 112 za wanafunzi.

"Walitoa vyombo kimoja kimoja wakavipanga sakafuni," anasema. "Wakaniambia sahani ndizo za mwanamke, kabati ni la ukoo. Mimi nimekaa chini, nimevaa nguo ya msiba, nawaangalia."

Wapo wanaoyaita mambo haya mila. Mwandishi wa makala haya aliwauliza wazee wawili wa Kiomboi ni mila ipi hiyo inayomruhusu mtu kubeba kabati la mjane. Mmoja alijibu kwamba enzi zao shemeji mwenye haya alimpelekea mjane kuni. Basi tuliite jambo hili kwa jina lake, kwamba ni wizi, tena wa mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kula ubwabwa wa msiba na kuondoka bila kusema neno. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hawakusema tujivunie.

Marietha alihamia Singida mjini na cherehani yake, ambayo Stefano hakuichukua kwa sababu siku ile ilikuwa kwa fundi. Alianza na mashuka, akaja kwenye makava. Siku moja mteja alimwambia kwamba kabati lile ni jasho lake mwenyewe, ila mumewe akifa hakuna atakayemwamini. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi akadarizi jina la kwanza.

Sharti la mume kushika futi lilikuja baadaye. Marietha anasema jina peke yake halitoshi, kwa sababu mtu anaweza kudai mwanamke alijidarizia mwenyewe. Mume akishika futi, akasikia swali na akajibu kwa kinywa chake, basi naye ni shahidi, na majirani wa sebuleni ni mashahidi. Wapo wanaume waliokataa. Marietha hawatukani hao, anakunja futi yake tu na kumwambia mkewe afikirie vizuri.

Wengine walimcheka. Walimwita fundi wa mikosi, eti anawapimia waume jeneza. Kicheko hicho kilipungua mwaka jana, baada ya yaliyomkuta Rebeka.

Rebeka, 34, ni mfugaji wa kuku hapo hapo mjini. Aliuza kuku 46 akatengenezewa kabati refu la mninga. Siku ya kuliingiza lilikataa mlangoni, na seremala akalikata pembe moja ya juu kwa msumeno, vidole vinne hivi. Marietha alipokuja kupima, Deo, mume wa Rebeka, ndiye aliyeshika futi huku akimtania mkewe kwamba kabati limekatwa sikio. Marietha akalishonea kava lenye pembe hiyo hiyo iliyokatwa.

Deo alifariki mwezi Machi. Wiki haikuisha, kaka yake Calist, anayeishi mtaa wa pili, akaja kulichukua kabati. Kava alilivua akalitupa uani. Rebeka alipolalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, Calist alisema lile la marehemu lilishauzwa kugharamia msiba, na lililo kwake ni lake, kalinunua mwenyewe. Kweli, lilikuwa jeusi tii, limepakwa rangi mpya na kubadilishwa vitasa.

Mwenyekiti akamwomba Rebeka risiti. Risiti! Seremala gani wa uchochoroni anayekuandikia risiti ya kuku? Na Calist, aliyesema amenunua, hakuombwa hata kipande cha karatasi.

Rebeka alikwenda kumwita Marietha. Fundi alifika uani kwa Calist, mwenyekiti na wazee wa mtaa wakiwepo, na kava kwapani, akawapa wazee shikamoo zao mmoja mmoja, kisha akaomba wanaume wawili wamsaidie kulivisha kabati. Calist alisema kava huenea popote. Marietha akaendelea kulishusha kava. Lilipofika kwenye pembe iliyokatwa lilikaa bila mkunjo, likashuka mpaka miguuni. Ndipo alipogeuza pindo na kumwomba mwenyekiti asome kwa sauti.

"Rebeka, kuku arobaini na sita," alisoma mwenyekiti. Akaliachia pindo. "Calist, rudisha kabati la watu."

Lilirudi siku hiyo hiyo. Calist hakuomba radhi na hakuna aliyemtaka aombe. Rebeka anasema kilichomuuma zaidi si kabati. "Yule ni shemeji yangu, nilimpikia miaka tisa," anasema. "Anajua kuku wangu kwa rangi zao."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, tunapenda kusema. Lakini huyu alinyongwa kwanza, na haki akaipata kwa sababu tu fundi mmoja alikumbuka vidole vinne vya pembe. Mwanamume angesema kabati hili ni langu, tungemwamini papo hapo.

Chumbani kwa Marietha, nyuma ya mlango, limening'inia kava moja la kitambaa cha drili ya bluu ambalo haliuzwi. Amelishona mwaka huu kwa ajili ya kabati lake la Kiomboi, ambalo bado liko sebuleni kwa Stefano. Hakuwa na mtu wa kushika futi, wala kabati la kupima. Amelikata kwa kukumbuka, kwa mikono iliyolifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka minane. Pindoni pameandikwa, "Marietha, sare 112."

Watu wamemwambia kesi ya miaka kumi na miwili imeshaoza. Anasema hana kesi. Mavuno ya alizeti yakiisha atapanda basi la Kiomboi na Rebeka, amwamkie mama mkwe wake, kisha amwombe Stefano, mbele ya majirani, ashike ncha moja tu ya kava.

"Likikataa kuenea nitawaomba radhi wote, nirudi kwa nauli yangu," anasema, akilikunja upya. "Lakini lile kabati nalijua. Litavaa."