Misumari Tisa Mitupu

Kijiji kizima kilimwita Mama Mabwawa, na alipopita watu walishika pua hata kama ametoka kuoga sasa hivi. Hakuwajali. Kila walichokiacha chooni kiliishia kwake, kwa hiyo aliwajua kuliko walivyojijua.

Mabwawa yenyewe yalikuwa matatu. La kwanza lilipokea uchafu mbichi, la pili likaugeuza maji ya kijani, la tatu likayalaza juani siku ishirini, ndipo afungue koki yateremke mtoni. Ukutani pa kibanda chake palikuwa na misumari ishirini; kila asubuhi alitundika kizibo cha soda kwenye mmoja. Mkono wa chuma wa kuzungushia koki alijifunga kiunoni, na alilala nao. Miaka mitatu nyuma, aliyemtangulia kazini alifungua kabla ya siku. Watu wa bondeni waliokunywa mto waliharisha hadi wakakauka. Binti wa Mama Mabwawa, wa miaka sita, alikuwa wa nne kuzikwa.

Asubuhi hiyo misumari tisa ilikuwa bado mitupu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipoingia na panga. Kabichi zake za kando ya mto zilikuwa zinakufa kwa ukame.

"Shemeji, lete hicho chuma."

"Bado siku tisa."

"Siku za nini? Maji yanang'aa kama kioo!"

"Basi kunywa kikombe nikuone."

Hakunywa. Alimchapa ubapa wa panga mdomoni, meno mawili yakaruka. Mama Mabwawa akatema damu, akamvaa mzimamzima, akaling'ata sikio mpaka kipande kikabaki kinywani.

"Mbwa wewe!"

"Na wewe mfupa wenyewe!"

Panga likageuzwa mgongo, likashuka mkononi mwa Mama Mabwawa, mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Akaanguka. Shemeji akaikata kamba kiunoni, akanyakua chuma, akakimbilia koki kwa njia ya mkato, juu ya bwawa la kwanza.

Mtu aliyefanya kazi pale hata juma moja asingethubutu. Utando wa uchafu ulikuwa umekauka na kuota majani, ukafanana na uwanja wa mpira. Alipiga hatua tatu. Ya nne ilimmeza hadi shingoni.

"Shemeji! Nakufa!"

Mama Mabwawa akaja, taratibu, na reki ndefu ya kuondolea utando. Akamshindilia nayo utosini. Shemeji akazama, akaibuka mdomo umejaa mavi ya kijiji kizima, yake mwenyewe yakiwemo.

"Chuma kwanza."

"Nivute!"

Akamzamisha tena. Binti yake alichukua siku mbili kufa. Huyu angemaliza kwa dakika mbili. Akaliwaza hilo kidogo, reki ikiwa palepale.

Chuma kikarushwa, kikatua miguuni pake. Hapo tu ndipo alipogeuza meno ya reki, akanasa ukosi wa shati, akaukalia mpini, na shemeji akajiburuta nao hadi ukingoni. Alitapika, kisha akaanza kutambaa kuelekea bwawa la tatu.

Reki ikakita mbele ya pua yake.

"Siku tisa, shemeji."

"Hata kunawa?"

"Hata kunawa."

Mama Mabwawa akajifunga chuma kiunoni kwa mkono mmoja na meno yaliyosalia. Mkono mwingine ukining'inia, akaenda kuketi juu ya koki, akingoja shemeji atangulie kuondoka.